Tujifunze Kuuliza na Kurekebisha Majedwali ya Tarakilishi

Najua wengi wenu mkilifungua jarida letu hukimbilia mashairi, vitendawili na ukurasa wa vichekesho. Leo nawaomba mkae nami kidogo katika somo ambalo pengine mtalishangaa. Mtasema, "Tarakilishi na chama cha Kiswahili wapi na wapi?" Ngojeni. Mkifika katikati mtaona kuwa somo hili ni la sarufi hasa, na kwamba aliyeisahau sarufi ni mimi mwenyewe.

KISA KILICHOTULETA HAPA

Chama chetu kilikuwa na daftari moja kubwa la kuandikia vitabu vinavyoazimwa. Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Wengine twakaa hapa Thika, wengine Juja, na wengine hupanda matatu kutoka Ruiru kila asubuhi. Kwa hivyo vitabu vya chama husafiri sana: jioni huenda nyumbani, asubuhi hurudi, na mara nyingine havirudi.

Siku moja ya mvua daftari lile lilirowa, wino ukatapakaa. Mwenzetu mmoja wa kidato cha kwanza akaambiwa alipe kitabu alichokuwa amekwisha kukirudisha. Alijitetea mpaka machozi yakamtoka, lakini angethibitisha vipi na jina lake halisomeki? Wazazi wakalipa. Wiki mbili baadaye kitabu kikapatikana nyuma ya kabati. Pesa alirudishiwa, ila chamani hakurudi tena.

Mwalimu mlezi alituambia, "Daftari limetuaibisha. Nani ana njia bora?" Mimi nikanyosha mkono. Nikasema nitaingiza vitabu vyote katika hifadhidata.

HIFADHIDATA NI NINI?

Hifadhidata ni ghala la habari zilizopangwa ili ziweze kuulizwa. Kuna aina nyingi, lakini iliyoenea mno ni ile inayopanga habari katika majedwali yanayohusiana. Aliyeibuni ni Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa rubani wa ndege za kijeshi katika Vita Vikuu vya Pili, kisha akahamia Marekani kufanya kazi katika kampuni ya IBM. Mwaka 1970 aliandika makala akisema kuwa mtu anayetafuta habari hapaswi kujua zimewekwa pembe gani ya mashine. Aseme tu anachotaka, mashine itafute yenyewe.

Mwaka 1974 wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitunga lugha ya kusemea anachotaka mtu huyo. Baadaye jina lake lilifupishwa likawa SQL. Mwaka 1986 lugha hiyo ilipewa kanuni rasmi huko Marekani, na mwaka 1987 kanuni za kimataifa. Ndiyo maana ukijifunza SQL hapa Thika, inafaa Mombasa, Dar es Salaam na hata Tokyo, ingawa kila programu ina vijilahaja vyake.

Sisi tulitumia SQLite, programu iliyotungwa na Mmarekani D. Richard Hipp mwaka 2000. Haiuzwi, ni ndogo, na ghala lote linakaa ndani ya faili moja. Tena imo ndani ya simu nyingi za kisasa, kwa hiyo huenda unatembea nayo mfukoni bila kujua.

MAJEDWALI YETU MATATU

Jedwali lina mistari na safu. Mstari mmoja ni kitu kimoja: mwanachama mmoja, au kitabu kimoja. Safu ni sifa moja ya vitu vyote: jina, kidato, makao. Majina nitakayotumia ni ya kubuni, nisije nikamwanika mtu.

Jedwali la kwanza, wanachama:

namba | jina | kidato | makao
1 | Wanjiru | 3 | Ruiru
2 | Otieno | 2 | Thika
3 | Mumbua | 3 | Juja
4 | Halima | 3 | Thika
5 | Kamau | 2 | Ruiru

Jedwali la pili, vitabu:

namba | anwani | mwandishi
11 | Bembea ya Maisha | Timothy Arege
12 | Bembea ya Maisha | Timothy Arege
13 | Nguu za Jadi | Clara Momanyi
14 | Kigogo | Pauline Kea
15 | Chozi la Heri | Assumpta Matei

Jedwali la tatu, azima:

namba | mwanachama | kitabu | tarehe | hali
101 | 1 | 11 | 2025-02-03 | nje
102 | 2 | 13 | 2025-02-03 | nje
103 | 3 | 12 | 2025-02-10 | ndani
104 | 5 | 14 | 2025-02-17 | nje
105 | 4 | 15 | 2025-02-24 | ndani

Tazama safu ya namba. Hiyo huitwa ufunguo msingi: haijirudii kamwe. Nakala za Bembea ya Maisha ni mbili, anwani moja, mwandishi mmoja, lakini namba ni 11 na 12. Bila namba hizo tusingejua ipi iko kwa nani. Hata darasani mna akina Wanjiru wangapi?

Utauliza, mbona tusiandike kila kitu katika jedwali moja? Fikiria Kamau ameazima vitabu kumi tangu Januari. Tungeandika "Kamau, kidato cha pili, Ruiru" mara kumi. Akihama kutoka Ruiru kuja Thika, tungerekebisha mahali kumi, na tukisahau pamoja tu, jedwali litakuwa na Kamau anayelala miji miwili. Katika majedwali matatu makao yake yameandikwa mara moja. Jedwali la azima linashika namba yake tu, namba 5.

Jedwali la wanachama liliundwa hivi:

CREATE TABLE wanachama (namba INTEGER PRIMARY KEY, jina TEXT, kidato INTEGER, makao TEXT);

Yaani: unda jedwali, namba iwe nambari kamili na ndiyo ufunguo, jina liwe maandishi, na kadhalika.

KUULIZA

Amri ya kuuliza ni SELECT, yaani chagua. Tukitaka majina na vidato vya wanachama wa Ruiru:

SELECT jina, kidato FROM wanachama WHERE makao = 'Ruiru';

Isome kwa Kiswahili: chagua jina na kidato, kutoka wanachama, ambao makao yao ni Ruiru. Jibu ni Wanjiru wa 3 na Kamau wa 2. Maandishi hutiwa alama za kunukuu, nambari haitiwi, na amri hufungwa kwa nukta-mkato.

Sasa ndugu zangu wapenda sarufi, tegeni sikio. WHERE si kitu kingine ila kirejeshi. Ni ule "o" wa "wanachama wanaokaa Ruiru". Ukisema "Wanachama wabaki baada ya masomo," shule nzima ya wanachama itabaki. Ukisema "Wanachama wanaokaa Ruiru wabaki," watabaki wale tu. Silabi moja inawaachilia wengine waende nyumbani. Likumbukeni jambo hili.

Tukitaka kujua kila mji una wangapi:

SELECT makao, COUNT(*) FROM wanachama GROUP BY makao;

COUNT ni hesabu, GROUP BY ni panga mafungu kwa. Jibu: Juja 1, Ruiru 2, Thika 2.

Tahadhari moja iliyonitesa. Kwa SQLite, 'Ruiru' na 'ruiru' si sawa unapotumia alama ya =. Mwanzoni niliandika jinsi mkono ulivyonipeleka: mara Ruiru, mara ruiru, mara Ruiru Mjini. Nikiuliza wa Ruiru, nusu hawaonekani! Mashine haidanganyi, ila haikisii pia. Ni heri kukubaliana tahajia moja mapema.

KUUNGANISHA MAJEDWALI

Swali la mlezi lilikuwa jepesi: nani ana kitabu gani? Jina liko jedwali moja, anwani jedwali jingine, na azima ndilo daraja. Tunaunganisha kwa JOIN:

SELECT wanachama.jina, vitabu.anwani
FROM azima
JOIN wanachama ON azima.mwanachama = wanachama.namba
JOIN vitabu ON azima.kitabu = vitabu.namba
WHERE azima.hali = 'nje';

Mashine huchukua kila mstari wa azima, ikatafuta mwanachama mwenye namba ile, ikatafuta kitabu chenye namba ile, kisha ikabakiza vilivyo nje. Jibu ni: Wanjiru ana Bembea ya Maisha, Otieno ana Nguu za Jadi, Kamau ana Kigogo. Mlezi alipoona jibu hili likitoka kufumba na kufumbua, alicheka akasema, "Kumbe!" Nami kichwa kikaanza kuvimba.

KUONGEZA, KUREKEBISHA NA KUFUTA

Kuuliza hakubadilishi kitu. Unaweza kuuliza mpaka uchoke. Lakini amri tatu zifuatazo zinabadilisha, kwa hiyo tulia.

Ya kwanza ni INSERT, ingiza. Halima akiazima ile nakala namba 12:

INSERT INTO azima (namba, mwanachama, kitabu, tarehe, hali) VALUES (106, 4, 12, '2025-03-03', 'nje');

Ya pili ni UPDATE, rekebisha. Kamau akihamia Thika:

UPDATE wanachama SET makao = 'Thika' WHERE namba = 5;

Ya tatu ni DELETE, futa. Otieno akihama shule mtu atasema:

DELETE FROM wanachama WHERE namba = 2;

Ngoja kwanza! Otieno bado ana Nguu za Jadi. Ukimfuta, mstari wa 102 katika azima utabaki ukielekeza kwa namba 2 ambayo haipo tena. Kitabu kitakuwa kimeazimwa na hewa. Uliza kabla ya kufuta. Wataalamu huweka ufunguo wa kigeni, yaani katazo kwamba namba inayotumika katika azima isifutwe katika wanachama. Katika SQLite katazo hilo lazima litajwe unapounda jedwali, kisha liwashwe kila unapofungua ghala kwa amri PRAGMA foreign_keys = ON; kwani kwa kawaida huwa limezimwa.

SIKU NILIPOSAHAU KIREJESHI

Sasa nafika penye uchungu.

Kufikia mwezi wa tatu ghala letu lilikuwa na mistari 86 ya azima, na vitabu 37 vilikuwa nje. Daftari la zamani tuliendelea nalo wiki tatu za kwanza tu, kisha mimi ndiye niliyesema, "La kazi gani tena?" Tukaliweka kando.

Ijumaa moja, wenzangu wamekwisha kushika njia, niligundua kuwa mstari mmoja una kosa. Nilikuwa nimemwandikia mtu mwingine kitabu kilichochukuliwa na mwanafunzi wa kidato cha pili. Tumwite Kamau, kama katika mfano wetu. Kurekebisha mstari mmoja ni kazi ya dakika. Mawazo yangu yalikuwa kwenye matatu. Nikaandika:

UPDATE azima SET mwanachama = 5;

Nikabonyeza. Tarakilishi haikusema kitu. Haikuuliza "una hakika?" wala haikulia. Nikauliza jedwali lote ili nijiridhishe, na safu ya mwanachama ikashuka mbele ya macho yangu: 5, 5, 5, 5, mpaka chini. Kwa mujibu wa tarakilishi, kijana mmoja wa kidato cha pili ndiye aliyeazima vitabu vyote vya chama tangu Januari, na vitabu 37 vilikuwa nyumbani kwake.

Jamani, nilitokwa na jasho baridi. Nilimkumbuka yule mtoto wa kidato cha kwanza na wino uliotapakaa. Nilikuwa nimejitolea ili mtu asishtakiwe tena bila hatia, na sasa mvua ilikuwa ni mimi.

Wazo la kwanza, nakiri, lilikuwa kuzima mashine na kusema imeharibika. Nani angejua? Usiku ule sikulala vizuri. Jumatatu asubuhi nikaenda ofisini kwa mlezi. Nikasema, "Mwalimu, nimeharibu." Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Nakala iko wapi?" Nakala haikuwapo.

Tulilitafuta daftari lililowekwa kando. Kati ya vitabu 37, tulipata majina ya 26. Vitabu 11 vilikuwa havina mwenyewe. Katika mkutano wa chama nilisimama nikaeleza nilichofanya, nikaomba walio na vitabu wajitokeze. Wengine walicheka, wengine wakanizomea kidogo, na Kamau akasema, "Na mimi nitaviweka wapi vitabu 37, nyumba yetu ni chumba kimoja?" Kicheko kikalipuka, nami nikacheka kwa haya. Katika wiki moja na nusu wanachama 10 walijitokeza wenyewe, ilhali hapakuwa na mstari wowote wa kuwashtaki.

Kitabu kimoja hakijarudi hadi leo. Mlezi alikataa mtu yeyote asilipishwe kwa kukisiwa. Simlaumu aliye nacho, pengine hata hakumbuki. Aliyelifuta jina lake ni mimi.

DAWA NILIYOIPATA

Kinga ni bora kuliko tiba. Hizi ndizo kinga nne ninazozifuata sasa.

Kwanza, andika SELECT kabla ya UPDATE au DELETE. Ukitaka kurekebisha mstari wa 104, uliza:

SELECT * FROM azima WHERE namba = 104;

Nyota maana yake safu zote. Ukiona mstari mmoja, na ndio wenyewe, basi tumia WHERE ile ile katika UPDATE.

Pili, fungua mlango wa kurudi nyuma. Ukianza na BEGIN, mabadiliko huwa bado hayajakazwa:

BEGIN;
UPDATE azima SET mwanachama = 5 WHERE namba = 104;
SELECT changes();

Amri ya mwisho, ambayo ni ya SQLite, hukueleza mistari mingapi imeguswa. Ikisema 1, andika COMMIT. Na mabadiliko yatakazwa. Ikisema 86, andika ROLLBACK. Na kila kitu kitarudi kilivyokuwa. Siku ile sikuanza na BEGIN, kwa hiyo amri yangu ilikazwa papo hapo.

Mlango huu ndio unaolinda pia pesa zinazotumwa kwa simu, jambo tulilolizoea Kenya tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007. Mama akiwa Ruiru akimtumia mtoto shilingi 200 Thika, kuna mabadiliko mawili: zipungue kwake, ziongezeke kwa mtoto. La kwanza likifanyika na umeme ukapotea kabla ya la pili, pesa zimeyeyuka. Mifumo ya namna hiyo huyafunga mabadiliko pamoja: ama yote mawili, ama hata moja lisiwe.

Tatu, weka nakala. Ghala la SQLite ni faili moja. Kila Ijumaa mimi hufunga programu, nikainakili faili kwenye flashi, na jina lake nikalitia tarehe. Flashi hukaa kwa mlezi.

Nne, usifanye marekebisho ukiwa na haraka ya matatu.

SAFU MPYA, NA SWALI LA HESHIMA

Baadaye tulifikiri kuongeza namba za simu za wazazi ili kufuatilia vitabu. Kuongeza safu ni rahisi:

ALTER TABLE wanachama ADD COLUMN simu TEXT;

Safu mpya huanza ikiwa tupu, na utupu huo huitwa NULL. Ukitaka wasio na simu usiandike simu = NULL, hutapata mtu. Andika WHERE simu IS NULL. Utupu si thamani, hivyo haulingani na chochote, hata na utupu mwenzake.

Lakini mlezi alitukumbusha kuwa Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na kwamba habari za watoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi wao. Tukajadiliana, tukaona kitabu cha hadithi hakistahili kutufanya tukusanye simu za watu. Safu hiyo hatukuiongeza. Kuweza kufanya jambo si sababu ya kulifanya.

MAZOEZI

Tumia majedwali ya mwanzoni, kabla hatujayagusa. Usichungulie majibu.

1. Andika amri ya kuonyesha majina ya wanachama wa kidato cha pili kwa mpangilio wa alfabeti. (Dokezo: ORDER BY jina.)
2. Wanjiru amerudisha kitabu. Rekebisha mstari wa 101.
3. Amri hii itafanya nini? DELETE FROM azima;

MAJIBU

1. SELECT jina FROM wanachama WHERE kidato = 2 ORDER BY jina; Utapata Kamau, kisha Otieno.
2. UPDATE azima SET hali = 'ndani' WHERE namba = 101;
3. Itafuta mistari yote ya azima. Jedwali litabaki na vichwa vya safu peke yake. Kama ulijibu haraka bila kushtuka, rudi usome kisa changu tena.

Ndugu zangu, nimefika ukingoni. Atakaye kujifunza zaidi anikute maabara ya tarakilishi Jumatano baada ya masomo, kabla ya wa Ruiru kuondoka. Na yule mwenzetu aliyeonewa na daftari, kama unasoma ukurasa huu: jina lako liko katika jedwali letu, mbele yake hakuna deni, na nafasi yako chamani ipo.

Wasalaam,
Mwanachama, Kidato cha Tatu.